Jacob Schiff, Myahudi mwenye benki New York, aliikopesha Japani ipigane na Urusi, sawa, ila kwa wanaosema hiyo ni dalili kwamba Wayahudi wanaendesha dunia, tuangalie na upande wa pili

Februari 1904 Japani iliishambulia meli za Urusi pale Port Arthur, bandari ya Manchuria, kaskazini mashariki mwa China, na vita ikaanza rasmi, shida ni kwamba hazina ya Tokyo haikuwa na hela ya kufika nayo mbali. Wakamtuma makamu gavana wa Benki Kuu yao, Takahashi Korekiyo, aende London akakope. Huyu jamaa maisha yalikuwa yameshamfunza, maana akiwa kijana alipelekwa California kusoma akajikuta amesainishwa mkataba wa kutumikishwa bila yeye kuelewa anasaini nini, na ukubwani akaingia kwenye dili la mgodi wa fedha huko Peru, mgodi ukawa hewa. Kwa hiyo alifika London akijua vizuri tu kwamba tabasamu la mtu mwenye pesa si pesa.

Alitaka pauni milioni 10. Mabenki ya London yakamwambia tunaweza 5. Uingereza ilikuwa na mkataba wa ushirikiano na Japani tangu 1902, lakini mkataba wa serikali ni kitu kimoja na mtu kutoa hela yake ni kitu kingine, na wakati ule karibu kila mtu Ulaya aliamini Mrusi atawafagia hawa Waasia ndani ya miezi michache. Basi kukawa na chakula cha usiku, Takahashi akakaa karibu na Mmarekani mmoja mwenye asili ya Ujerumani ambaye kazi yake usiku ule ilikuwa kumuuliza maswali tu, uchumi wenu ukoje, wananchi wana moyo wa vita au vipi. Kesho yake Takahashi anaambiwa yule bwana atachukua zile milioni 5 zilizobaki. Bwana mwenyewe ni Jacob Schiff, mkuu wa benki ya Kuhn, Loeb ya New York.

Schiff alizaliwa Frankfurt 1847, akahamia Marekani 1865 akiwa na miaka 18, akaoa binti wa mzee Loeb mwenye benki, akatajirikia kwenye reli. Alikuwa Myahudi wa dini kweli kweli, na alikuwa na kisirani na serikali ya Tsar, mfalme wa Urusi. Mwaka mmoja kabla, Pasaka ya 1903, umati ulivamia mitaa ya Wayahudi pale Kishinev, mji ambao leo ni mji mkuu wa Moldova, wakaua watu 49, wakajeruhi mamia na kubomoa nyumba na maduka ya watu, huku polisi wa Urusi wakizubaa. Schiff hakuficha kwamba hilo lilikuwa kichwani mwake alipoamua kuikopesha Japani.

Hapa ndipo hadithi huwa inaishia vijiweni. Tajiri wa Kiyahudi alikasirika, akatoa mkwanja, Urusi ikapigwa, basi unaona, hawa watu ndio wanaoendesha dunia. Nimeshasikia toleo hili kutoka kwa mtu anayewapenda Wayahudi kupita kiasi na kutoka kwa mtu anayewachukia, na linafanana neno kwa neno, jambo ambalo kwangu tayari ni dalili kwamba kuna kitu hakiko sawa.

Tuangalie mkopo wenyewe basi. Kwanza Schiff hakutoa hela mfukoni. Kuhn, Loeb ilichukua hatifungani za Japani, yaani karatasi za deni la serikali, kwa jumla ikaziuza rejareja kwa Wamarekani, na ilifanya hivyo ikishirikiana na mabenki kama National City Bank na National Bank of Commerce ambayo hayakuwa na ugomvi wowote na Tsar, yaliona faida tu. Riba asilimia 6, dhamana ni ushuru wa forodha wa Japani, yaani Japani ikishindwa kulipa mapato ya bandari zake ndiyo yanayoshikiliwa. Hayo si masharti ya mtu anayelipiza kisasi bila kupiga hesabu. Halafu angalia na tarehe, hatifungani zilitoka Mei 1904, siku chache tu baada ya Wajapani kuwapiga Warusi kwenye mto Yalu tarehe 1 mwezi huohuo, na watu London na New York wakazigombania. Port Arthur ikaanguka Januari 1905, na mkopo wa Machi mwaka huo riba ikashuka hadi 4.5. Jumla mikopo minne ya vita ikafika pauni milioni 82, karibu nusu ikiuzwa Marekani. Kilichoishusha ile riba ni bunduki za Wajapani pale Manchuria.

Na usisahau Washington. Rais Theodore Roosevelt hakutaka Urusi imeze Manchuria yote na alikuwa anaipendelea Japani waziwazi mwanzoni mwa vita. Kama Ikulu ya Marekani ingekuwa upande wa Tsar, nina mashaka makubwa kama Schiff angeuza hata robo ya zile hatifungani. Hela yake ilikuwa tanga, upepo ulitoka London na Washington. Tanga lina kazi yake, jahazi bila tanga haliendi, ila halijawahi kuamua upepo uvume kwenda wapi.

Upande wa Urusi ndio unaonifurahisha zaidi kwa sababu unaharibu kabisa ile habari ya "Wayahudi wote kitu kimoja". Benki iliyokuwa ikiiuzia Urusi hatifungani Berlin kwa miaka mingi ni Mendelssohn, ukoo wenye asili ya Kiyahudi. Akina Rothschild wa Paris, ukoo wa Kiyahudi wenye benki, waliikopesha Urusi, wakajitoa 1891 Wayahudi walipofukuzwa Moscow, halafu 1894 na 1896 wakarudi tena, maana Ufaransa ilikuwa imeingia kwenye ushirika wa kijeshi na Urusi na mfanyabiashara wa Paris aliyeipa mgongo Urusi alikuwa anaipa mgongo serikali yake mwenyewe. Kwa hiyo Schiff anapigana kuifungia Tsar milango ya pesa, na ndugu zake wa imani walioko Paris wanaangalia waziri wao wa mambo ya nje anataka nini. Aprili 1906, vita imeisha, Urusi iko hoi, mapinduzi ya 1905 yameitikisa, na bado inapata mkopo wa faranga bilioni 2.25, sehemu kubwa ikitoka Ufaransa. Kwa nini? Kwa sababu miezi hiyohiyo kwenye mkutano wa Algeciras Urusi ilikuwa imeibeba Ufaransa dhidi ya Ujerumani kuhusu Morocco. Schiff na hasira zake zote hakufua dafu.

Kuna kikao kimoja cha Agosti 1905 ambacho ningelipa kiingilio nikione. Mazungumzo ya amani yanafanyika Portsmouth, Marekani, na mjumbe mkuu wa Urusi, Sergei Witte, anatembelewa na Schiff pamoja na viongozi wengine wa Wayahudi wa Marekani kina Oscar Straus, wamwambie kwamba Wayahudi wa Urusi lazima wapewe haki. Witte mwenyewe mke wake alikuwa wa asili ya Kiyahudi, na hakuwa mtu wa chuki. Wakaongea, wakaagana. Miezi miwili baadaye, Oktoba 1905, mashambulizi ya umati yakalipuka tena Urusi, Odessa peke yake wakauawa Wayahudi zaidi ya 400. Tajiri aliyesaidia kuuza hatifungani za vita iliyomshinda Tsar ameshakaa meza moja na mtu wa Tsar, halafu fundi cherehani wa Odessa anapigwa hadi kufa, na hakuna chochote ambacho yule tajiri anaweza kufanya. Mimi sehemu hii huwa naiona ndiyo kiini cha jambo zima: aliye na hela yuko New York, anayelipia yuko Odessa.

Ushindi uliokuja baadaye haukutokana na hela, ulitokana na kura. Urusi ilikuwa na tabia ya kuwauliza Wamarekani dini yao kwenye ubalozi mdogo wake New York, na ukiwa Myahudi pasipoti yako ya Kimarekani ilikuwa haikupi haki sawa na ya mwenzako, wakati kuna mkataba wa biashara wa 1832 kati ya nchi hizo mbili. Schiff na wenzake wa American Jewish Committee, chama kilichoanzishwa 1906, wakaenda kwa Rais Taft Februari 1911 wakiomba mkataba uvunjwe. Taft akawakatalia, akatetea maslahi ya biashara ya Marekani kule, na Schiff akatoka Ikulu amenuna. Yaani mmoja wa wenye benki wakubwa kabisa Marekani anaambiwa hapana na rais anayejali wafanyabiashara! Ndipo wakaacha kwenda kwa rais, wakaenda kwa wananchi, mikutano, magazeti, mabunge ya majimbo, Desemba pale Carnegie Hall akahutubia hadi Woodrow Wilson ambaye alikuwa anautaka urais. New York wakati ule ilikuwa na Wayahudi karibu milioni moja, wengi wao maskini wa kutupwa, mafundi cherehani wa Lower East Side, na uchaguzi ulikuwa 1912. Bunge la Wawakilishi likapiga kura 300 kwa 1. Taft akasalimu amri, akaiarifu Urusi kwamba mkataba unakufa.

Sasa uliza Urusi ilibadilika? Haikubadilika kitu. Mwaka huohuo 1911 walimkamata Kiev Myahudi mmoja, Mendel Beilis, wakamshtaki eti kaua mtoto wa Kikristo kwa ajili ya ibada, kesi ikaenda hadi 1913 ndipo baraza la wazee wa mahakama likamwachia. Sheria za kuwabana Wayahudi waishi maeneo fulani tu zilifutwa 1917, na aliyezifuta ni serikali iliyokuja baada ya Tsar kuanguka, baada ya Urusi kuchapwa na Ujerumani na mkate kukosekana Petrograd.

Hata hivyo siwezi kusema kisa cha Schiff kiliishia hapo, maana Wajapani hawakusahau. Mfalme Meiji alimkaribisha chakula Ikulu 1906 na kumvisha nishani, binti wa Takahashi akaenda kuishi kwa familia ya Schiff New York kwa miaka kama mitatu. Mambo ya heshima. Ila kumbukumbu hiyo ikachanganyikana na kitu kingine. Kuanzia 1918 wanajeshi wa Japani walipelekwa Siberia kupigana na Wabolsheviki, wakomunisti wa Lenin, na huko wakakutana na wale walioitwa Warusi weupe, yaani Warusi waliopigana na Wabolsheviki, waliokuwa wanagawa kile kitabu cha uongo kinachoitwa Itifaki za Wazee wa Sayuni, kinachodai Wayahudi wana mpango wa siri wa kuitawala dunia. Mrusi alikisoma akasema tuwaue. Baadhi ya maofisa wa Kijapani walikisoma wakakumbuka Schiff, wakasema kumbe ni kweli hawa watu wana nguvu kiasi hiki, basi tuwe marafiki zao!

Ukitaka kucheka cheka, lakini hii ilifika baraza la mawaziri. Tarehe 6 Desemba 1938, mwezi mmoja tu baada ya masinagogi kuchomwa moto Ujerumani, mawaziri watano wakuu wa Japani walikaa wakaamua kwamba Wayahudi wasifukuzwe, wachukuliwe kama wageni wengine, kwa sababu Japani inahitaji mitaji ya nje na haitaki kuiudhi Marekani. Na hii ni nchi iliyokuwa rafiki wa Hitler. Karibu Wayahudi 18,000 wakakimbilia Shanghai, mji ambao ulikuwa hauulizi viza na ambao Wajapani walikuwa wameshika sehemu yake. Matajiri wa Kiyahudi waliokuwapo Shanghai, kina Sassoon na Kadoorie, walisaidia kuwalisha wakimbizi hao, lakini Victor Sassoon, ambaye Wajapani walikuwa wanamtolea macho wakidhani ndiye daraja lao la kwenda Wall Street, hakukubali kuwa upande wao. Mitaji waliyoisubiri haikuja. Agosti 1939 wakaanza kubana wakimbizi wapya, 1940 wakasaini mkataba na Ujerumani na Italia, Desemba 1941 wakaipiga Pearl Harbor na hapo hoja ya kutoiudhi Marekani ikafa yenyewe, na 1943 wale Wayahudi wakasukumiwa kwenye mtaa mmoja wa Hongkew, hapohapo Shanghai, wakae humo.

Kwa hiyo ni uongo uliookoa watu kwa muda. Huwa sijui nikae nao vipi huu. Waingereza nao 1917 walipotoa tamko la Balfour, la kuunga mkono Wayahudi wapate makazi ya kitaifa Palestina, sehemu ya hesabu yao ilikuwa hiyohiyo, kwamba Wayahudi wa Marekani na Urusi wana ushawishi mkubwa kiasi cha kuibakiza Urusi vitani. Waziri Myahudi wa serikali hiyohiyo ya Uingereza, Edwin Montagu, ndiye aliyelipinga tamko kwa nguvu kuliko wote. Tamko likatoka Novemba 2, siku tano baadaye Lenin akachukua nchi na kuitoa vitani.

Mtu akishikilia bado kwamba hela ya Kiyahudi ndiyo inayoamua, basi anieleze meli ya St. Louis. Mei 1939 imebeba abiria 937, karibu wote Wayahudi wanaokimbia Ujerumani, inafika Havana, Cuba inakataa kuwashusha isipokuwa 28. Shirika la msaada la Wayahudi wa Marekani, Joint, likatuma mwanasheria wake kwenda kujadiliana, Rais wa Cuba akataka dola 500 kwa kila abiria, mwanasheria akajaribu kupunguza bei kidogo kama mtu yeyote anavyofanya, rais akafunga mazungumzo. Marekani nayo haikufungua mlango. Meli ikarudi Ulaya, abiria wakagawanywa nchi nne, na 254 kati yao waliuawa kwenye mauaji ya Hitler. Hela ilikuwapo. Kilichokosekana ni serikali moja yenye sababu yake yenyewe ya kusema karibuni.

Kwetu huku tuna kipande chetu cha hadithi hii. Mwaka uleule wa 1903, wa ile Kishinev iliyomtia hasira Schiff, ndio Joseph Chamberlain, waziri wa makoloni wa Uingereza, alimpa Theodor Herzl, kiongozi wa Wazayuni, yaani Wayahudi waliokuwa wanatafuta nchi yao wenyewe, wazo la kuwapa Wayahudi ardhi Afrika Mashariki, ambayo mwishowe ikawa Uasin Gishu, Kenya ya leo, ingawa jina lililobaki ni mpango wa Uganda. Herzl hakuwa tajiri, alikuwa mwandishi wa gazeti, na matajiri wakubwa aliowaendea kabla, Baron Hirsch na Edmond de Rothschild, walimtolea nje. Wanandi na Wamasai hakuna aliyewauliza, hilo halihitaji hata kusemwa. Walowezi wazungu wa Kenya wakiongozwa na Lord Delamere wakapiga kelele, ujumbe ukaja kukagua ardhi mwanzoni mwa 1905, na mwaka huohuo mkutano wa Wazayuni ukaukataa mpango.

Wachache walikuja wenyewe tu. Abraham Block, mzaliwa wa Lithuania aliyepitia Afrika Kusini, alifika Kenya 1903, akahangaika na kilimo na biashara ndogondogo, na 1927 akainunua hoteli ya Norfolk, Nairobi, ukoo wake ukawa jina kubwa kwenye mahoteli ya nchi hii. Je, hilo liliifanya Kenya iwe upande wa Israel? Novemba 1973, baada ya vita ya Oktoba na Waarabu kutumia mafuta kama silaha, Kenya ilivunja uhusiano na Israel kama karibu Afrika nzima. Hoteli hazikusaidia kitu mbele ya mafuta. Chini kwa chini usalama wa nchi mbili uliendelea kuongea, maana Kenya ilikuwa na wasiwasi na Somalia na Idi Amin, mtawala wa Uganda, ambaye alikuwa anadai vipande vya ardhi yake, na ndiyo sababu Julai 1976 ndege za Israel zikitoka Entebbe, Uganda, kuokoa mateka zilitua Nairobi kujaza mafuta. Halafu usiku wa Desemba 31, 1980 bomu likalipuka Norfolk, watu wakafa, na wengi wakaliona kama malipo ya Entebbe. Serikali ndiyo iliyoruhusu zile ndege, lakini kilicholipuliwa ni hoteli ya familia ya Kiyahudi, na ndani walikuwamo wafanyakazi na wageni waliokuwa wanasubiri mwaka mpya.

Wahindi wa Uganda wangeielewa hii bila kufafanuliwa. Amin aliwafukuza Waisraeli Machi 1972 na Agosti akawageukia wao, watu walioshika maduka na viwanda vya nchi, na utajiri huo haukuwanunulia hata wiki moja zaidi ya siku 90 alizowapa. Uingereza ilipokea karibu 27,000 kwa sababu walikuwa na pasipoti zake na ilikuwa haina pa kuchomokea.

Kenya ilirudisha uhusiano na Israel 1988. Tanzania, iliyovunja Oktoba 1973, ilirudisha 1995, baada ya vita baridi kwisha na baada ya Wapalestina wenyewe kupeana mkono na Israel pale Washington 1993, na kote huko, kuvunja na kurudisha, hapakuwa na hoteli ya Block wala benki ya Schiff ya kusingizia.